Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya The Right Stuff (1983)

Kila ninapotazama filamu hii na watu wapya, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kuanzia ya mtu ambaye hajaiona hadi ya mtu aliyeirudia mara tatu na bado kuna kitu kinamkera. Historia hii inajulikana, lakini kama hutaki kujua mambo yanavyoishia, soma sehemu ya kwanza tu, tazama filamu, kisha urudi.

## Kabla ya kutazama

Filamu hii inahusu nini hasa?

Inahusu miaka 16 ya urubani wa Marekani, kuanzia 1947 hadi 1963. Inaanzia jangwani California, kwenye uwanja wa kijeshi wa Muroc, ambako marubani wa majaribio walikuwa wakipanda ndege ambazo hakuna aliyejua kama zitarudi. Huko Chuck Yeager anakuwa mtu wa kwanza kuruka kwa kasi kuliko sauti. Baada ya Warusi kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, tarehe 4 Oktoba 1957, Marekani inatafuta wanaanga kwa haraka, na hadithi inahamia kwa wale saba wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani: Alan Shepard, Gus Grissom, John Glenn, Scott Carpenter, Wally Schirra, Gordon Cooper na Deke Slayton.

Kwa hiyo ni hadithi mbili zilizofungwa kamba moja. Kuna rubani aliyebaki jangwani bila kujulikana sana, na kuna saba waliopata umaarufu kabla hata hawajaondoka ardhini. Mwongozaji, Philip Kaufman, anakwenda huku na huku kati ya pande hizo mbili hadi mwisho.

Ni ndefu kiasi gani, na watoto wanaweza kuitazama?

Dakika 193, yaani saa tatu na kidogo. Ukiona ni nyingi, simama pale wanaanga saba wanapotambulishwa mbele ya waandishi wa habari, uendelee kesho yake. Kuhusu watoto, hakuna uchi wa kutisha wala damu nyingi, ila kuna matusi, ulevi, na vipimo vya hospitali vya aibu ambavyo vitakulazimu kujibu maswali. Binafsi ningemwonyesha mtoto wa miaka 12 au 13, nikiwa nimekaa naye.

Jina la filamu lina maana gani kwa Kiswahili?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Ni ile sifa ambayo marubani hawa waliamini mtu anayo au hana, na ambayo hawakuitaja kwa jina hata wakiwa peke yao. Mtu alipoanguka na kufa, wenzake walisema alikosea mahali fulani, kwamba ile kitu hakuwa nayo. Ilibidi waamini hivyo ili waweze kupanda ndege kesho yake asubuhi.

Wengi hutafsiri kwa neno “ujasiri” au “ushujaa”. Mimi naona hayatoshi, maana shujaa huhitaji watu wa kumshangilia. Yako maneno mawili ya kwetu ambayo yakiwekwa pamoja yanakaribia zaidi: moyo na kifua. Moyo wa kupanda kile chombo, na kifua cha kukaa na ulichokiona huko bila kukitangaza. Ukiitazama filamu ukiwa na neno “kifua” kichwani, utaona kwa nini inamrudia Yeager mara kwa mara, na kwa nini baadhi ya mashujaa wake wakubwa hawajawahi kukaa kwenye kiti cha rubani (tazama swali kuhusu Annie Glenn).

Nachanganyikiwa na majina. Nani ni nani?

Si wewe peke yako. Mwigizaji Sam Shepard anaigiza Chuck Yeager. Mwanaanga Alan Shepard anaigizwa na Scott Glenn. Na mwanaanga John Glenn anaigizwa na Ed Harris. Yaani Shepard si Shepard, na Glenn si Glenn. Ukishalishika hilo, waliobaki ni rahisi: Fred Ward ni Grissom, Dennis Quaid ni Cooper mwenye tabasamu la kudumu, Barbara Hershey ni Glennis, mke wa Yeager, na Levon Helm ni Jack Ridley, ambaye pia ndiye sauti ya msimulizi.

Je, ni ile ile ya mwaka 2020?

Hapana. Ile ni tamthilia ya vipindi nane yenye jina hilo hilo, iliyotoka Oktoba 2020 na kuishia msimu mmoja. Zote mbili zinatokana na kitabu cha Tom Wolfe cha mwaka 1979, lakini tamthilia inajikita kwa wale saba. Yeager, ambaye ndiye uti wa mgongo wa filamu, hana nafasi hiyo kule.

## Yeager na kasi ya sauti

“Jini wa angani” ni kitu gani, na kweli ndege zilikuwa zinavunjika?

Mwanzoni msimulizi anasema kuna jini anayeishi hewani, kwenye kasi ya Mach 1, yaani kasi ya sauti, na anayemfikia hufa. Marubani wa wakati huo walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Ndege inapokaribia kasi ya sauti, hewa iliyo mbele haipati muda wa kuipisha. Inajikusanya na kutengeneza mawimbi ya mshindo juu ya mbawa, na ndege inaanza kutetemeka. Baya zaidi, usukani wa kuinua na kushusha pua unaweza kuacha kufanya kazi kabisa. Septemba 1946 Mwingereza Geoffrey de Havilland, kijana wa mwenye kampuni ya ndege, alikufa ndege yake ilipovunjika angani akiwa katika majaribio ya kasi kubwa.

Yeager mwenyewe alikutana na tatizo hilo kabla ya siku ile kubwa. Alipofika karibu na Mach 0.94 alivuta usukani na ndege haikujibu. Mhandisi Jack Ridley ndiye aliyepata njia: badala ya kutegemea kile kipande kidogo cha nyuma ya mkia, mkia mzima wa ulalo utumike kuelekeza ndege. X-1, ile ndege ya roketi ya Yeager, ilikuwa imeundwa ikiwa na uwezo huo, na ukafanya kazi. Filamu imeliruka jambo hili, nami nasikitika, kwa sababu hapo ndipo jini aliposhindwa hasa, kwa mtu aliyekaa chini na karatasi akapiga hesabu.

Kisa cha mbavu na mpini wa ufagio ni kweli?

Ni kweli. Siku mbili kabla ya safari, usiku, Yeager alianguka kutoka kwenye farasi na kuvunja mbavu mbili. Alijua madaktari wa jeshi wangemzuia, kwa hiyo akaenda kufungwa bandeji na daktari wa nje ya kambi. Tatizo lilikuwa mlango. Mlango wa X-1 ulifungwa kutoka ndani kwa komeo lililohitaji nguvu ya mkono wa kulia, upande ule ule wenye mbavu zilizovunjika, na nafasi ya kugeuka haikuwepo. Ridley akachukua ufagio, akakata kipande cha mpini cha urefu wa kama sentimita 25, akampa. Kwa mkono wa kushoto Yeager akakitumia kama wenzo, komeo likaingia mahali pake.

Fikiria ndege iliyojaa oksijeni kimiminika, inaning’inia tumboni mwa B-29, ndege kubwa ya mabomu, na kilichoifunga ni kipande cha mti cha kufagilia sakafu. Tarehe 14 Oktoba 1947 ikaachiwa, ikafika Mach 1.06 kwenye urefu wa kilomita 13 hivi. Chini kwenye jangwa ukasikika mshindo.

Kwa nini hakukuwa na sherehe wala magazeti?

Jeshi liliifanya siri. Habari ilivuja Desemba mwaka huo huo kupitia jarida la usafiri wa anga, na serikali ikathibitisha rasmi Juni 1948. Miezi minane mtu anatembea akijua ni wa kwanza duniani, na hawezi kumwambia hata muuza duka. Nikisema kifua, hiki ndicho ninachomaanisha.

Ule mchezo wa bigijii kati ya Yeager na Ridley una maana gani?

Kabla ya kuruka, Yeager anamwomba Ridley kipande cha bigijii na kuahidi kumlipa akirudi. Wanaume wawili hawawezi kuambiana “naogopa nisikupoteze”, kwa hiyo wanakopeshana bigijii. Deni dogo linalomlazimu mtu arudi hai. Angalia linavyorudiwa na jinsi nyuso zao zinavyobadilika kila mara.

Yule mzee mwenye nguo nyeusi ni nani?

Ni mchungaji anayekuja kumwambia mke kwamba mumewe amekufa. Mwigizaji ni Royal Dano. Katika filamu hana jina, hana familia, hacheki, na amekuwa karibu kama mauti yenyewe inayotembea kwa miguu. Wake wa marubani wakimwona anakuja barabarani wanaanza kuomba apite nyumba yao. Hapa filamu imetia chumvi ya sanaa, lakini hofu yenyewe haikutiwa chumvi. Uwanja wa Muroc ulibadilishwa jina kuwa Edwards kwa heshima ya Glen Edwards, rubani aliyekufa kwenye jaribio mwaka 1948.

Baa ya Pancho ilikuwepo kweli?

Ilikuwepo, na Pancho Barnes mwenyewe alistahili filamu yake. Alikuwa rubani mwanamke aliyevunja rekodi ya kasi ya Amelia Earhart mwaka 1930. Baa na shamba lake viliungua Novemba 1953. Kwenye filamu vinaendelea kuwepo baada ya hapo kwa faida ya hadithi. Na ukiwa hapo baa, mwangalie mzee anayehudumia wateja kaunta. Huyo ni Chuck Yeager wa kweli, ambaye pia alikuwa mshauri wa filamu kuhusu mambo ya urubani.

Kama alikuwa bora hivyo, kwa nini hakuwa mwanaanga?

Hakuwa na shahada. Masharti ya mwaka 1959 yalitaka rubani aliyehitimu chuo cha marubani wa majaribio, mwenye saa 1,500 za kuruka, umri chini ya miaka 40, urefu usiozidi sentimita 180, na shahada ya chuo kikuu au elimu inayolingana nayo. Yeager alitoka kijijini West Virginia na kidato cha mwisho cha sekondari. Filamu inaonyesha pia kwamba yeye mwenyewe hakuutamani ule mradi: kwake, mtu aliyefungwa ndani ya kapsuli inayoendeshwa kutoka chini alikuwa abiria, nyama ya kopo.

## Wale saba

Walichaguliwa kwa vichekesho vile?

Wale maafisa wawili wanaotapika melini ni wa kuchekesha tu. Ukweli ni kwamba Rais Eisenhower aliagiza wachaguliwe marubani wa majaribio wa kijeshi, mafaili 508 yakapitiwa, 110 wakatimiza masharti, na 32 wakapelekwa kwenye vipimo vya mwili na akili huko Albuquerque na kituo cha Wright-Patterson. Saba walitangazwa Washington tarehe 9 Aprili 1959: watatu wa jeshi la anga, watatu wa jeshi la maji, na Glenn wa kikosi cha wanamaji. Vipimo vyenyewe vilikuwa vya kudhalilisha kweli, hapo filamu haikuongopa.

Waliligombea dirisha kama tunavyoona?

Ugomvi ulikuwepo, ila haukuwa wa dakika tano mbele ya kundi la wanasayansi Wajerumani. Ulikuwa wa vikao na barua. Wahandisi waliona mtu ndani ya kapsuli ni kama sokwe aliyetumwa kabla yao: Ham, aliyezaliwa Kameruni, alirushwa Januari 1961 na akarudi salama. Marubani walitaka dirisha, mlango wanaoweza kuufungua wenyewe, na uwezo wa kuendesha kwa mkono. Shepard aliruka tarehe 5 Mei 1961 akiwa na vitundu viwili vidogo na periskopi; dirisha kubwa lilipatikana kwenye safari ya Grissom iliyofuata. Na uwezo wa kuendesha kwa mkono uliokoa watu, kama utakavyoona kwa Cooper hapo chini.

Grissom alipaniki kweli?

Hapana, na hapa ndipo nina ugomvi na filamu ninayoipenda.

Tarehe 21 Julai 1961, baada ya safari ya dakika 15, kapsuli yake Liberty Bell 7 ilitua baharini vizuri. Wakati akingoja helikopta, mlango uliokuwa na baruti ya kuufungua ulifyatuka. Maji yakaingia. Grissom akatoka kuogelea, lakini alikuwa amesahau kufunga tundu la kuingizia hewa kwenye suti, na maji yakawa yanaingia humo pia. Mfukoni alikuwa na sarafu za senti kumi alizobeba ili awagawie watu kama ukumbusho, nazo zikawa mzigo. Helikopta iling’ang’ania kapsuli iliyojaa maji hadi ikashindwa, ikaiachia. Mwanaanga alikuwa anazama huku upepo wa mapanga ya helikopta ukimpiga mawimbi usoni. Nusura afe.

Filamu inamwonyesha akitetemeka ndani ya kapsuli, kisha mlango unafunguka, na inatuachia sisi tuhukumu. Wengi humhukumu. Mimi pia, nilipoitazama mara ya kwanza, nilitoka nikisema huyu alivunjika moyo. Nilipojua ushahidi uliopo, niliona aibu kwa maneno yale. Kitufe cha kufyatua mlango kilihitaji kupigwa kwa nguvu, na kilirudisha nyuma kishindo. Schirra alipoufyatua wake kwa makusudi mwaka 1962, mkono uliumia na kuacha alama. Grissom alikaguliwa na madaktari siku ile ile: hakuwa na alama yoyote.

Halafu angalia waajiri wake walifanya nini. NASA, shirika la anga la Marekani, ilimpa amri ya safari ya kwanza yenye watu ya Gemini, mradi uliofuata Mercury, Machi 1965, kisha ikamkabidhi ya kwanza ya Apollo, mradi wa kwenda mwezini. Huwezi kumpa mtu uliyeamini alipaniki chombo kipya mara mbili mfululizo. Alikufa tarehe 27 Januari 1967 pamoja na Ed White na Roger Chaffee, moto ulipowaka ndani ya Apollo wakiwa kwenye mazoezi ardhini. Mlango wa chombo hicho haukuweza kufunguliwa haraka. Filamu inataja kifo hicho mwishoni kwa sentensi moja. Mimi huisimamisha hapo nikawaeleza watu niliokaa nao.

Mbona Betty Grissom analalamika badala ya kumfariji mumewe?

Kwa sababu aliahidiwa kwamba uvumilivu wake utalipwa. Mke wa rubani alihama kambi hadi kambi, akaishi kwa mshahara mdogo na hofu kubwa, akitegemea kwamba siku moja atakaa mezani na mke wa rais. Shepard aliporudi alipokelewa Ikulu. Grissom aliporudi, hakukuwa na Ikulu. Veronica Cartwright ameigiza tukio lile chumbani bila kujificha, na kwangu ni miongoni mwa maonyesho bora kabisa ya filamu nzima.

Annie Glenn alimkatalia Makamu wa Rais kweli?

Ndiyo. Tarehe 27 Januari 1962 Glenn alilala ndani ya kapsuli zaidi ya saa tano, kisha safari ikaahirishwa kwa ajili ya mawingu. Lyndon Johnson alikuwa nje ya nyumba ya Glenn akitaka kuingia na kamera za televisheni amfariji mke. Annie alikuwa na kigugumizi kikali tangu utotoni. Kuhojiwa mbele ya taifa lilikuwa jambo gumu kwake kuliko tunavyoweza kufikiria. Wakubwa wakamtaka Glenn amwambie mkewe afungue mlango. Glenn, akiwa ametoka tu kwenye kapsuli, akamwambia Annie kwamba kama hataki, basi asifungue, na yeye yuko nyuma yake.

Ed Harris akiwa kwenye simu ile, sauti imeshuka, akimngoja mkewe amalize neno bila kummalizia: ukitaka kujua ile sifa ya kichwa cha filamu ikoje, itazame hapo. Mwaka 1973 Annie alipata mafunzo ya wiki tatu yaliyombadilisha, na baadaye akawa anahutubia watu na kuwatetea wenye kigugumizi. Alifariki Mei 2020 akiwa na miaka 100.

Zile cheche nje ya dirisha la Glenn ni nini? Na wale wazee wa Australia waliwasha moto kwa uchawi?

Glenn alizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 na akaona vitu vinavyong’aa kama vimulimuli vikielea nje. Filamu inaviunganisha na cheche za moto wa wenyeji wa Australia, wanaoimba usiku karibu na kituo cha Muchea alikokuwa Cooper. Cooper alikuwepo Muchea kweli siku hiyo. Moto na cheche ni ushairi wa Kaufman. Miezi mitatu baadaye Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kwa mkono, na vimulimuli vikatokea kwa wingi. Zilikuwa chembe za barafu zinazobanduka kwenye chombo chenyewe.

Ngao ya joto ilikuwa imelegea?

Hapana, ila hakuna aliyejua. Kifaa kimoja cha kupimia kilikuwa kibovu na kikatoa ishara kwamba ngao imeachia. Chini wakaamua furushi la roketi za kupunguza kasi, lililofungwa juu ya ngao kwa mikanda, liachwe mahali pake wakati wa kurudi ili liishikilie. Ndiyo maana Glenn aliona vipande vinavyowaka vikipita dirishani. Hakujua kama ni furushi au ni ngao yake.

Cooper alilala kweli akisubiri kurushwa?

Alisinzia, ni kweli. Safari yake ya Mei 1963 ilichukua saa 34 na mizunguko 22. Kwenye mizunguko ya mwisho mitambo ya kujiendesha ikafa mmoja baada ya mwingine, akairudisha kapsuli kwa mkono, kwa saa yake ya mkononi na kwa kuangalia dirishani, akatua kilomita chache tu kutoka kwenye meli iliyomngoja. Filamu inaishia kwenye kurushwa kwake, kwa hiyo haituonyeshi sehemu iliyothibitisha kwamba nyama ya kopo ilikuwa rubani.

## Walioachwa nje, na sisi wa huku

Wako wapi wanawake na weusi?

Filamu imewaacha, na mtazamaji anapaswa kuwajua. Mwanamahesabu Katherine Johnson, mwanamke mweusi wa kituo cha NASA cha Langley, ndiye ambaye Glenn aliomba ahakiki kwa mkono namba za safari yake kabla hajakubali kuruka. Jerrie Cobb na wanawake wenzake marubani walipita vipimo vya mwili vile vile vya Albuquerque, na hawakupewa nafasi. Kapteni Ed Dwight, rubani mweusi, alisoma kwenye shule ya Edwards wakati Yeager akiiongoza. Dwight amesimulia kwamba Yeager alimpiga vita, Yeager alikanusha. Dwight alifika angani mwezi Mei 2024, akiwa na miaka 90.

Nimesikia Zanzibar ilihusika. Ni uvumi?

Si uvumi. Kapsuli ya Mercury haikuweza kuongea na Marekani ikiwa upande wa pili wa dunia, kwa hiyo NASA ilijenga mlolongo wa vituo 18, viwili vikiwa melini. Afrika kulikuwa na Kano, Nigeria, na Tunguu, kisiwani Unguja. Glenn alipotoka Kano sauti iliyompokea ilikuwa ya Zanzibar, na kituoni hapo alikuwepo daktari wa kufuatilia hali yake. Baada ya hapo akaingia Bahari ya Hindi, akaona machweo yake ya kwanza kutoka angani.

Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza na siasa zilikuwa za moto. Wapo waliokipinga kituo wakiamini ni cha makombora, ingawa kilikuwa cha mawasiliano. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa. Filamu inatupeleka Australia na haituonyeshi Tunguu. Natamani siku moja kijana wa Unguja atengeneze hata filamu ya dakika 20 kuhusu mahali hapo.

## Kwa waliokwisha kuitazama zaidi ya mara moja

Kwa nini iliuza vibaya kama ni nzuri hivyo?

Iligharimu takriban dola milioni 27 na kuingiza kama milioni 21 Marekani. Ilitoka Oktoba 1983, John Glenn akiwa anagombea kuteuliwa kuwania urais, na magazeti yakaijadili kama kampeni. Nadhani wengi waliogopa kulipia hotuba ya saa tatu. Glenn hakufaidika, alishindwa. Kwenye Oscar ilitajwa mara nane na kushinda nne: muziki wa Bill Conti, uhariri, sauti, na uhariri wa sauti. Mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa.

Ni kweli mwandishi wa kwanza alimtoa Yeager?

Kweli. William Goldman aliandika muswada uliowahusu wanaanga tu. Kaufman akaona bila Yeager hakuna filamu, wakatofautiana, Goldman akaondoka, na Kaufman akaandika upya mwenyewe.

Picha za ndege walizipataje bila kompyuta?

Kwa vinyago. Timu ya Gary Gutierrez huko San Francisco ilivining’iniza kwa nyaya, ikavirusha kwa mikono, ikapuliza moshi kuwa mawingu, na kuvipiga picha kwa kamera iliyotikisika. Ndiyo maana zinaonekana kama picha za habari za zamani, na zimeshonwa pamoja na picha za habari za kweli hadi huoni mshono. Kazi ile ilikuwa na gharama nyingine pia: mrukaji mmoja wa parachuti alipoteza maisha wakati wa kupiga tukio la Yeager kuanguka.

Ridley si alikuwa amekwisha kufa?

Umeona vizuri. Jack Ridley wa kweli alikufa kwenye ajali ya ndege Japani mwezi Machi 1957. Kwenye filamu yupo hadi mwisho, mwaka 1963, ndani ya gari la wagonjwa linalomfuata Yeager. Dereva anaona kitu mbali jangwani na kuuliza kama yule ni mtu, na Ridley anamjibu kwa fahari kwamba ndiyo. Kihistoria ni kosa. Lakini kumbuka Ridley ndiye msimulizi. Mimi naiona kama rafiki aliyetangulia, aliyebaki kumngoja mwenzake alipe deni la bigijii.

Ile safari ya mwisho ya Yeager aliiba ndege?

Hapana. Filamu inaonyesha kana kwamba aliamua tu kuichukua. Ukweli, ilikuwa safari iliyopangwa. Yeager alikuwa mkuu wa shule ya marubani, akijaribu NF-104, ndege yenye roketi mkiani. Alipita mita 30,000, akapoteza udhibiti, ikazunguka kama pia hadi chini. Alipojirusha, kiti kikamgonga kikiwa bado cha moto, na oksijeni ya kofia ikawaka usoni. Filamu pia inaiweka sambamba na karamu ya wanaanga Houston, ambayo ilifanyika Julai 1962, zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Tarehe ya ajali ilikuwa 10 Desemba 1963. Siku hiyo hiyo Zanzibar ilipata uhuru, na kituo cha Tunguu kilikuwa bado kimesimama.

Kapsuli ya Grissom ilipatikana? Ilimaliza ubishi?

Ilitolewa chini ya Atlantiki, karibu mita 4,900, tarehe 20 Julai 1999. Ilisafishwa na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Cosmosphere, Kansas. Mlango haukupatikana, kwa hiyo ushahidi mkubwa umebaki ule wa mkono usio na alama. Walipoifungua na kuanza kuondoa tope, walikuta ndani baadhi ya zile sarafu za senti kumi.